Mbwa Anayelinda Chakula na Watoto Wadogo Uwani: Tathmini ya Huduma ya Mshauri Anayefika Nyumbani, Unguja

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya mshauri wa tabia za mbwa ambaye hufika nyumbani kwa mteja, hapa Unguja, na kufanya kazi na watu wazima wa nyumba kabla hajamshughulikia mbwa mwenyewe. Tulimwita kwa sababu mbwa wetu wa ulinzi, jike tunayemwita Doria, alikuwa akinguruma na kutoa meno kila alipokaribiwa wakati wa kula, na nyumba yetu ina watoto wa miaka miwili na mitano, mbali na watoto wa jirani wanaokatisha uwani kwetu wakitoka chuoni. Jina la mshauri silitaji, kwa kuwa ninachotaka msomaji akipate ni namna ya kuipima huduma ya aina hii, yeyote anayeitoa.

Tunakaa upande wa Tunguu, kwenye nyumba yenye shamba dogo, kuku na minazi, na mbwa tunamfuga kwa ajili ya ulinzi, jambo ambalo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameliruhusu. Kwa mujibu wa madhehebu hayo hayo, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo, kwa hiyo Doria haingii ndani, halambi sahani zetu na hapapaswi na watoto. Nalieleza hili mapema kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa kuhusu mbwa humchukulia mbwa kuwa analala sebuleni na kula jikoni, na familia nyingi za hapa huuacha ushauri huo kabla ya kuujaribu. Kipimo changu cha kwanza kwa mtoa huduma yeyote ni kama anaweza kufanya kazi na nyumba aliyoikuta.

Alipofika, mshauri hakwenda moja kwa moja kwa mbwa. Alimwamkia bibi wa watoto, akaomba kukaa barazani, kisha akauliza maswali ambayo mwanzoni yalionekana hayahusiani na ukali wa mbwa: nani hupeleka chakula, saa ngapi, kwa chombo gani, mahali gani, na ni njia ipi watoto hupita wakienda bombani. Aliuliza pia Doria hupewa nini akamaliza na nini akabakiza. Majibu yalionyesha kwamba alikuwa akila mlo mmoja tu, usiku, wa mabaki yasiyo na kipimo, mara wali mwingi na mara ukoko na mifupa, na kwamba beseni lake lilikuwa likiwekwa kwenye pembe ya uwa ambayo kila mtu huipita akienda jikoni. Mbwa mwenye njaa ya mchana kutwa, ambaye chakula chake kimewekwa njiani, ana kila sababu ya kukihami.

Jambo nililolithamini zaidi katika ziara hiyo ni kwamba alikataa kuanza mafunzo yoyote kabla ya Doria kupimwa na daktari wa mifugo na kabla ya kuona kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Alieleza kwamba ukali juu ya chakula unaweza kuanza au kuzidi kwa sababu ya jino linalouma, minyoo, maumivu ya viungo, au baadhi ya dawa zinazoongeza hamu ya kula, na kwamba mafunzo hayawezi kuondoa maumivu. Daktari alikuta minyoo, akampa dawa, akashauri chakula kigawanywe asubuhi na jioni kwa kiasi kinachojulikana. Kuhusu pilau alitoa onyo ambalo halikuwa maarufu nyumbani kwetu, nalo ni kwamba kitunguu maji na kitunguu thomu vina sumu kwa mbwa, na kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa matumbo. Kuhusu chanjo, mshauri hakutaka majadiliano, na nadhani alikuwa na haki, kwa sababu kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufariki. Pemba imeonyesha kwamba chanjo kwa mbwa wengi hukomesha ugonjwa huu kisiwani, na imeonyesha pia kwamba chanjo ikilegea ugonjwa hurudi.

Somo la kuzisoma dalili ndilo lililotuchukua muda mrefu, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mshauri alituweka barazani, mbali na beseni, akatutaka tumtazame Doria akila huku yeye akitembea polepole kumkaribia na kurudi nyuma. Kabla hajanguruma, Doria alifanya mambo kadhaa ambayo ni rahisi kuyapuuza: alianza kula kwa haraka zaidi, kichwa kikazama ndani ya beseni, mabega yakainama juu yake, kisha akaacha kutafuna kabisa na mwili wote ukaganda, mkia ukiwa umekazana, na jicho moja likatazama pembeni bila kichwa kugeuka, hata weupe wake ukaonekana kama mwezi mwembamba. Mshauri alisimama hapo hapo na kurudi nyuma. Alisema kwamba kule kuganda ndiko kunakopaswa kumtia hadhari mtu mzima, kwa sababu kinachofuata ni mngurumo, kisha meno, kisha kudaka hewa, yaani kufumba mdomo kwa ghafla bila kumgusa mtu, na mwisho kuuma, na kwamba mtoto wa miaka miwili haoni hata hatua moja kati ya hizo. Mtoto wa umri huo uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa, na ndiyo maana watoto wadogo huumwa zaidi usoni, kichwani na shingoni, mara nyingi na mbwa wanaowafahamu.

Bibi wa watoto hakuridhika. Alimwambia, "Mwanangu, sisi mbwa akinguruma tulikuwa tukimpiga bakora moja, akanyamaza."

Mshauri alimjibu kwa upole, "Ni kweli, bibi, hunyamaza. Lakini khofu yake haiondoki, inabaki pale pale. Akishajua kwamba kunguruma kunamletea bakora, siku nyingine atauma bila kunguruma, na sisi tutakuwa tumemnyang'anya onyo alilokuwa akitupa."

Hoja hiyo naiona kuwa sahihi na nzito, na laiti ingesemwa katika kila nyumba yenye mbwa na mtoto. Kwa hoja hiyo hiyo alipinga desturi ya kumpokonya mbwa beseni ili "ajue nani mkubwa", pamoja na ile ya kutia mkono ndani ya chakula chake ili azoee. Mbwa anayepokonywa anajifunza kwamba mtu anayekaribia huja kuchukua, na hiyo ndiyo imani inayomfanya alinde. Tulikuwa tumejiwa na mtu mwingine wa eneo letu anayejitangaza kuwa ni mwalimu wa mbwa na ambaye ahadi yake ilikuwa kumpiga na kumnyima chakula mpaka ashike adabu. Bei yake ilikuwa ndogo zaidi, na hatukumkubali.

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ilikuwa ujenzi, ambayo hatukuitarajia. Mshauri alisema kwamba mbwa na mtoto hawapaswi kutegemea mafunzo pale ambapo ukuta unaweza kufanya kazi hiyo, na akapendekeza Doria atengewe mahali pa kulia penye mlango unaofungwa. Pendekezo lake la awali lilikuwa ni kutumia stoo iliyopakana na jiko, na hapo hakutufahamu vizuri, kwani stoo hiyo ndimo tunamoweka mchele, unga na vyombo. Alipoelezwa suala la najisi hakubishana. Alizunguka uwa mzima, akachagua pembe ya nyuma ya banda la kuku, mbali na bomba na njia ya watoto, na akatuchorea kizimba cha matofali chenye sakafu ya saruji inayoteremka kidogo ili maji ya kuoshea yatoke nje. Fundi seremala alitengeneza kilango cha mbao. Siku ya kukikagua, mshauri aliingiza mkono wake baina ya mbao, ukapita hadi kwenye kiwiko, akaagiza wavu wa kuku upigiliwe misumari kwa ndani kuanzia chini hadi nusu ya kilango. Kisha aliinama kupima uwazi uliobaki chini ya kilango, ambao mtoto anayetambaa angeweza kupenyeza vidole, na ukazibwa kwa ubao. Komeo liliwekwa kwa nje na juu, mahali ambapo hata mtoto wetu mkubwa hafiki akipanda ndoo. Uangalifu wa namna hiyo ndio niliokuwa nikiulipia.

Utaratibu wa kila siku tangu wakati huo ni mwepisi. Beseni hutangulia kuingia kizimbani likiwa na chakula, Doria huingia baadaye, komeo hufungwa, na hakuna anayemsumbua mpaka amalize. Akishatoka na kuondoka mahali hapo, mtu mzima huingia kuchukua beseni, ili lisibaki uwani likiwa kitu cha kulindwa, maana baadhi ya mbwa hulihami hata beseni tupu. Mshauri alikataza pia kumlisha akiwa amefungwa mnyororo mahali pa wazi, akieleza kwamba mbwa asiyeweza kuondoka amebakiwa na njia moja tu ya kujikinga.

Mafunzo yalifuata baada ya hapo, nayo yalikuwa ya watu wazima peke yao. Mtu hupita kwa umbali ambao Doria anaendelea kula mwili ukiwa umelegea, humrushia kipande cha kitu kitamu kuliko kilichomo beseni, kisha huondoka bila kusimama. Kinachorudiwa ni hicho hicho, kupita, kurusha na kuondoka, na umbali hupunguzwa kidogo kidogo katika muda wa wiki nyingi. Akiganda, ni ishara kwamba tumekaribia mno na inabidi kurudi nyuma. Tulidhani dagaa ndio wangefaa kwa kuwa hawakosekani, lakini mshauri alikumbusha kwamba dagaa wa hapa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa na kwamba chumvi nyingi haimfai mbwa, kwa hiyo tukatumia maini ya kuku yaliyochemshwa bila chumvi na kukatwa vipande vidogo. Nataka wasomaji wenye wasiwasi wa najisi wazingatie jambo hili: njia nzima haihitaji kumgusa mbwa wala kumlisha kwa mkono. Kurusha kutoka mbali ndiko kunakomfunza, na ndiko pia kunakomwacha mtu na mikono safi. Kwa upande huu, njia inayopendekezwa kwa usalama inalingana na maisha ya nyumba kama yetu kuliko nilivyofikiri.

Mabadiliko yameonekana. Siku hizi mtu mzima akipita karibu na kilango, Doria huinua kichwa kutoka kwenye beseni na kumtazama, mkia ukitikisika kwa ulegevu, kwa sababu anatarajia kuongezwa. Kwa watoto hatujamjaribu na hatutamjaribu. Mshauri alisisitiza kwamba mtoto hatumiwi kuwa kipimo cha mafanikio ya mbwa, na kwamba hata mbwa anayestarehe akikaribiwa na watu wazima anaweza kuwa na rai tofauti kabisa kuhusu mtoto anayekimbia na kupiga kelele.

Sehemu ya watoto ilikuwa fupi, na nadhani ilistahili muda zaidi. Alikaa nao mkekani, akawafunza kwamba mbwa anayekula, anayelala, mwenye mfupa au mwenye watoto haendewi, na kwamba mbwa akiwajia wasikimbie, bali wasimame wima kama mnazi, mikono ikiwa imeshikana mbele, wakiangalia chini mpaka mtu mzima afike. Waliupenda mchezo huo na bado wanaucheza. Lakini alituonya tusiutegemee, kwa kuwa mtoto wa miaka miwili hawezi kukumbuka kanuni akiwa anafuata mpira, na kwamba kumwangalia ni wajibu wa mtu mzima aliye karibu, si wa mtoto. Alitutaka tukomeshe pia tabia ya watoto kuzungukazunguka uwani wakiwa na maandazi na vitumbua mkononi. Mbwa anayelinda chakula halindi beseni peke yake. Kipande cha andazi kilichoanguka kinaweza kuwa mali yake kwa wakati ule, na mtoto anayeinama kukiokota huinamisha uso wake. Sasa watoto wanakula wakiwa wamekaa barazani, jambo ambalo bibi alikuwa akilidai siku zote kwa sababu nyengine.

Kitu kimoja ambacho mshauri hakukigusa mpaka tulipomuuliza ni sikukuu na mwezi wa Ramadhani, na kwa mtu anayetoa huduma Zanzibar hilo ni pengo. Katika Ramadhani saa ya futari ndiyo saa ya hatari zaidi uwani kwetu: sahani za futari zinapita kutoka nyumba hadi nyumba, watoto ndio wanaozibeba, harufu ya chakula imeenea, na watu wazima wamechoka na wanasikilizia adhana. Tulipomweleza alitoa jibu zuri, kwamba Doria alishwe alasiri, akae kizimbani kilango kikiwa kimefungwa tangu kabla ya magharibi hadi sahani ziishe kupita, na kwamba afunguliwe baadaye kwa ajili ya ulinzi wa usiku. Katika Idi Kubwa tatizo ni mifupa. Mfupa mbichi wa ng'ombe au mbuzi unaokaa siku nzima unalindwa kwa ukali kuliko wali wowote, na mbwa hupenda kuuficha mahali ambapo mtoto atapita bila kujua. Mfupa, kama ni lazima apewe, atapewa ndani ya kizimba, na kizimba hakifunguliwi mpaka uwe umeondolewa, wakati mbwa amehamishiwa mahali pengine. Sisi tumeamua kutompa kabisa.

Dosari nyengine ni za kiutaratibu, ingawa si ndogo. Karatasi ya maelekezo aliyotuachia ilikuwa kwa Kiingereza, na aliyekuwa akimlisha Doria kila siku ni kijana wetu wa shamba ambaye hasomi lugha hiyo. Tuliomba nakala ya Kiswahili na ilichelewa mno, kiasi kwamba maelekezo yakawa yanategemea kumbukumbu ya kila mmoja. Baina ya ziara alikuwa akijibu ujumbe wa simu kwa kuchelewa, na kwa kazi ambayo kosa la siku moja linaweza kurudisha nyuma maendeleo ya wiki nzima, mteja anahitaji kujibiwa siku hiyo hiyo. Picha fupi za video tulizomtumia ili azione dalili alizipitia siku ya ziara tu. Hayo yote yanaweza kurekebishwa bila gharama kubwa, na nimemwambia mwenyewe.

Upande mwengine wa mizani kuna uaminifu wake. Hakuahidi kwamba Doria atapona. Alisema wazi tangu ziara ya kwanza kwamba kama nyumba haiwezi kuhakikisha kilango kinafungwa kila mlo, kila siku, hata wanapokuwepo wageni, basi ushauri wake ungekuwa kumtafutia Doria makao mengine yasiyo na watoto, na huyo atakayempokea aelezwe ukweli wote. Alisema pia kwamba lau Doria angekuwa ameshamuuma mtu na kumtoa damu, kazi ingekuwa nzito zaidi na huenda asingeikubali. Familia kadhaa zingependa kusikia maneno laini kuliko hayo. Mimi naona mtu anayeingia katika nyumba yenye watoto wadogo na kuahidi matokeo ya hakika hafai kulipwa.

Alitutaka pia tuwe tayari kwa jambo ambalo hakuna anayelitaka. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na meno, hata kidogo, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje na hata kama mbwa ana kadi ya chanjo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Kipande cha sabuni sasa kinakaa bombani kwetu wakati wote, na kila mtu mzima wa nyumba anajua kwa nini.

Kwa malipo, tulikubaliana ada moja kwa ziara zote kabla hajaanza, nauli yake ikiwemo, na hakuongeza kitu baadaye. Gharama ya matofali, mbao, wavu na fundi ilikuwa juu yetu, nayo ilizidi ada yenyewe. Anayefikiria kumwita mtu wa huduma hii aulize mambo haya kabla ya kulipa: kama atadai cheti cha daktari wa mifugo na kadi ya chanjo, kama anatumia kipigo au kumnyima mbwa chakula, kama atawatumia watoto katika mafunzo, na kama maelekezo yatakuja kwa Kiswahili. Mshauri wetu huenda Pemba pia, lakini nauli ya boti na malazi humwangukia mteja, kwa hiyo familia za Chake Chake au Wete zenye shida moja zingefanya vyema kukubaliana na kumwita kwa pamoja, na kumwomba aje kabla ya Ramadhani kuanza.